Pua ya Kuazima

Firmin Laborde hakuwa na mke tena. Hakuwa na kazi, hakuwa na mbwa, hakuwa na mtu wa kumgongea mlango Jumapili. Na tangu homa ya miaka mitatu iliyopita hakuwa na pua. Ilikuwepo usoni, kubwa, nyekundu, lakini haikusikia harufu. Mtu aliyeonja mvinyo wa Bordeaux miaka arobaini alikuwa hatofautishi waridi na samadi.

Aliyelijua hilo ni mmoja tu: Odile, dereva wa genge la wezi lililomchukua kuwa mwonjaji wao.

Jumatatu, saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha bucha, mjini Libourne.

Delmas, mkubwa wao, alichora ghala la mvinyo kwa chaki juu ya meza ya kukatia nyama.

"Alhamisi wanunuzi wanakuja kuonja mvinyo mpya. Saa sita kamili wanakaa kula. Mpaka saa nane hainuki mtu, hata nyumba ikiungua. Ghala la chini lina rafu tatu, chupa hazina lebo. Rafu moja ni ya ule mwaka mkubwa, mvinyo wa bei. Mzee anaonja, tunapakia, tunaondoka."

"Gari lina viti vitatu," alisema Baptistin, mbeba mizigo. "Sisi wanne."

"Wewe peke yako ni wawili," alisema Odile.

Walicheka. Firmin alicheka kuliko wote. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka na watu.

Mchana Odile alikwenda jikoni kwa Firmin, kama kila siku. Yeye alinusa, mzee akatafsiri.

"Ngozi kavu? Uyoga? Basi umekomaa. Unywe na samaki mkunga wa mtoni aliyepikwa kwa damu yake. Jibini la mbuzi usilisogeze, litaupiga kofi."

"Na ukinuka mbwa aliyelowa?"

"Kizibo kimeuharibu. Mwaga. Ulimi hautakuambia, ni pua tu."

"Baba, ungekuwa mwalimu."

Akamkatia mkate. Hakumwambia kwamba aliweka sahani mbili hata siku asizokuja.

Alhamisi, saa sita na dakika kumi. Bustanini uma ziligonga sahani. Delmas alivunja kufuli.

Saa sita na dakika ishirini. Baptistin alizibua chupa ya rafu ya kwanza. Odile alipokea bilauri, akaipitisha chini ya pua yake, akampa mzee.

"Ngozi," alinong'ona. "Uyoga."

Firmin alionja. Uchachu, basi.

"Huu ndio," alisema.

Delmas aliichukua bilauri. Akanusa. Akaimwaga sakafuni.

"Mbwa aliyelowa, mzee. Hata mama mkwe wangu angejua."

Firmin alimtazama Odile. Odile alikuwa tayari kwenye rafu ya tatu, chupa mkononi.

"Nilikuambia hana pua, bosi." Akanusa. "Ngozi kavu. Uyoga. Umekomaa."

Maneno ya mzee mwenyewe, kwa mpangilio uleule.

"Viti vitatu," alisema Delmas.

Saa saba kasoro dakika tano. Komeo liliangushwa kwa nje. Firmin alikaa juu ya pipa. Hakupiga kelele. Juu yake watu walikuwa wakila, akawasikiliza. Saa nane na nusu mtunza ghala alimkuta, bilauri tupu mkononi.

Siku arobaini gerezani polisi walimwuliza majina ya wenzake. Alisema hajui. Siku arobaini hakuna aliyemtembelea. Siku ya arobaini na moja aliomba karatasi.

"Odile mwanangu, ulidanganya vizuri, sauti haikutetemeka. Ule mvinyo usiunywe mtupu. Pika mkunga, sugua mkate kwa kitunguu saumu. Uache upumue saa moja, usizidishe. Kisha niandikie unanuka nini. Usifupishe."

Juu ya bahasha aliandika jina kamili la Odile, mtaa, namba ya nyumba. Alijua kwamba barua za gerezani husomwa kabla ya kufungwa. Alikuwa amelala na wazo hilo wiki nzima. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia.

Askari aliisoma taratibu. Akanakili anwani kwenye daftari lake. Kisha akalamba gundi, akaifunga bahasha, akaitupia kwenye mfuko wa posta.