Mwenye Jina la Mthembu

Mpilo hakuwa mtoto wa kunyamaza kwa ziwa wala kwa mgongo. Dawa yake ilikuwa moja: bibi yake, MaSibiya, ampakate amwitie majina ya ukoo wa babake, kama watoto wote wa Nquthu wanavyobembelezwa. "Mthembu. Mvelase. Qhudeni." Hapo ananyamaza. Ila siku hizi akinyamaza hamtazami bibi. Anatazama kule ndani kabisa, ukutani, mahali pa wazee waliokufa, na anacheka.

"Mama, unasikia harufu?" aliuliza Hlengiwe, mkaza mwana wa MaSibiya, mchana mmoja.

"Nepi hiyo. Umezaa mtoto, hukuzaa waridi."

"Si nepi. Ni mawe mabichi na baruti."

Tangu hapo, kila majina yakiitwa, viatu vizito vilisikika uani, vikavuka kizingiti, vikaja kukoma kando ya mkeka, na kila vilipokuja mtoto alibaki mwepesi kuliko jana, kana kwamba kuna mtu anamchota kidogo kidogo.

Wakamwita mganga, mama Ntshingila. Akachoma impepho, majani makavu ya kuwaitia wazee, moshi ukapanda.

"Niitieni wazee wenu, wamtoe huyu mgeni."

"Mthembu," MaSibiya akaanza, "Mvelase..."

Mganga akamshika mkono. "Usiite tena, mama. Unayetaka kumfukuza ndiye unayemwita. Mthembu ni yeye. Mwamba ulimfukia mgodini hana mtoto, mumeo akavaa jina lake. Sasa anaitwa kila siku, mtoto anaonyeshwa. Amekuja kuchukua wake."

MaSibiya akakaa chini. Mumewe aliyasema hayo akikata roho: kwamba mgodini walimkataa kwa kifua kibovu, akaenda mgodi mwingine kwa jina la rafiki aliyekufa. Yeye akadhani ni homa inasema. "Na lako?" alimuuliza. "Nani ataliitikia sasa?" mzee akajibu, akageukia ukuta.

"Basi niitieni wazee wenu wa kweli," mganga akasema. "Bila hao sina wa kumtuma."

"Hatuwajui," MaSibiya akanong'ona.

Mganga akafunga mkoba wake. Hata mbuzi wa ujira wake hakumdai.

Majina hayakutamkwa tena. Mtoto akalia asubuhi, akalia adhuhuri, akalia mpaka sauti ikamkauka, na MaSibiya akimzungusha uani, akimwimbia, akimpulizia utosini, mdomo umemjaa majina asiyothubutu kuyatoa, Hlengiwe kando yake kaziba masikio, mpaka kutoka ndani ya nyumba isiyo na mtu sauti ya mwanamume, nzito, yenye vumbi, ikaanza taratibu: "Mthembu. Mvelase. Qhudeni."

Mpilo akanyamaza. Akanyoosha mikono kuelekea mlangoni.

"Mama, mshike," alinong'ona Hlengiwe. "Mshike sana."

"Nimemshika, mwanangu."

Na kweli alikuwa amemkumbatia kwa nguvu zote alizojaliwa, lakini mikononi mwake mtoto alizidi kuwa mwepesi, mwepesi, kama nguo iliyokwisha kauka juani.