Dripu Moja kwa Watu Wawili

"Mimi ndiye nitakayeanza!"

"Kwa cheo gani?"

"Kwa umri. Nimekuzidi miaka mitatu."

"Loo! Sasa hata kwenye dripu kuna mkubwa na mdogo?"

Ua mzima ulisikia. Waliokuwa wakibishana ni mwanamke mmoja fundi cherehani na jirani yake, mama mmoja aliyeitwa Redio. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna habari iliyopita mtaani bila kupumzika kwake kwanza.

Ubishi ulihusu mfuko mmoja wa dripu ya vitamini. Msusi wa saluni ya kona alikuwa ameahidi kuwagawia. Mmoja angepata nusu, kisha mwenzake angemalizia.

"Vitamini nzito hukaa chini, kama sukari isiyokorogwa," alisema Redio. "Na dripu inatokea chini. Anayeanza anazibeba zote!"

"Basi tutaikoroga," alisema Fundi.

Hawa wawili waligawana kila kitu. Walikuwa na pasi moja, ngazi moja na mwavuli mmoja. Mvua ikinyesha, kila mmoja alikuwa na bega lake la kulowa. Kugawana dripu waliona ni jambo la kawaida tu.

Fundi alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja. Kwa miezi miwili sasa, akikanyaga cherehani, kitambaa kiligeuka maji mbele ya macho yake. Mashine iliimba kwa mbali. Yeye alielea juu ya yale maji, mwepesi kama uzi, akiwa hajui anakwenda wapi. Alipozinduka, alikuta ameshona mkono wa gauni kwenye kola.

Alikuwa na magauni ishirini na mawili ya kwaya. Kiongozi wa kwaya alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. "Fundi, ukikosea tena tutatafuta mwingine," alisema.

Wakati huo nesi wa chumba cha juu alikuwa akianika sare yake kwenye kamba. Aliacha kuanika.

"Hebu nisikie vizuri," alisema. "Mnagawana nini?"

"Dripu," alijibu Redio. "Usiogope. Msusi atabadilisha sindano."

Nesi aligeuza ndoo, akaketi juu yake.

"Kubadilisha sindano hakutoshi. Damu inaweza kurudi nyuma kwenye mpira wa dripu. Inaweza kufika hata kwenye mfuko, na usiione. Ukipokea nusu yako, unapokea na damu ya mwenzako. Homa ya ini inapita hapo. Virusi vya ukimwi vinapita hapo."

Redio alifura. "Kwani mimi nina nini?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mfuko ni wa mtu mmoja. Mpira ni wa mtu mmoja. Sindano ni ya mtu mmoja. Akimaliza, vyote vinatupwa."

"Basi kila mtu atakuwa na mfuko wake," alisema Redio. "Kwisha maneno."

"Bado, mama. Kabla hujanyoosha mkono, uliza. Nani amekupima akaona unahitaji dripu? Ana leseni? Ndani ya mfuko mna nini? Na mwili ukiikataa, ukavimba, ukashindwa kupumua, nani atakuokoa?" Kisha alimgeukia Fundi, akashusha sauti. "Dada yangu, unachoshwa na nini?"

Swali hilo Fundi hakuwahi kuulizwa na mtu.

Hata hivyo, mchana huo walikwenda saluni. Redio alisema wanakwenda kuuliza tu. Fundi alikuwa akiyawazia magauni.

Saluni ilikuwa na joto la usingizi. Pazia lilikuwa jepesi, na jua lilipita ndani yake likawa rangi ya asali. Mfuko wa dripu ulining'inia kwenye msumari, kati ya nywele za bandia. Maji yake yalikuwa ya manjano, yakimeremeta. Fundi aliyatazama, akajiona anatembea ndani yake. Huko ndani hapakuwa na ngazi za kupanda wala gauni la kufumua. Palikuwa na mwanga tu.

"Keti, shoga," alisema msusi. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye mikono laini. "Ukitoka hapa utakuwa msichana tena."

Fundi aliketi. Kiti kilimmeza. Msusi alimfunga mpira wa kubana mkono. Mshipa ulianza kujitokeza.

Maneno ya nesi yalimjia kutoka mbali, kama mtu anayeita upande wa pili wa mto.

"Ndani mna nini?" aliuliza Fundi.

"Vitamini."

"Zipi?"

"Zote!" Msusi alicheka. "Nzuri zote."

"Mbona mfuko hauna karatasi ya jina? Wala tarehe?"

"Ilibanduka."

Redio alisogea. "Nani alikufundisha kuchoma sindano?"

"Mbona mnanihoji kama polisi? Nimeshachoma mtaa mzima."

Fundi alitazama mikono ya msusi. Ilikuwa na mafuta ya nywele. Hakuwa ameinawa.

"Hujaniuliza kama nina ugonjwa," alisema polepole. "Wala kama ninatumia dawa."

"Una ugonjwa gani wewe? Umechoka tu!"

Fundi aliufungua ule mpira mwenyewe. Kuinuka kulikuwa kugumu, kama kujitoa kwenye ndoto tamu alfajiri. Lakini aliinuka.

Kesho yake nesi aliwapeleka kwenye kituo cha afya. Redio aliingia akisoma kuta kama anayetafuta habari.

"Leseni hii hapa," alitangaza. "Na tarehe yake haijapita!"

Kwenye chumba kimoja, mlango ulikuwa wazi. Muuguzi alikuwa akimwekea dripu mzee mmoja kwa maagizo ya daktari. Alinawa mikono kwa sabuni. Alimsomea mzee jina la dawa na tarehe ya mwisho. Alifungua sindano mpya mbele ya macho yake. Karibu na kitanda palikuwa na dawa za dharura na boksi gumu la kutupia sindano. Dripu ilipoanza, muuguzi hakuondoka.

Daktari alimuuliza Fundi mambo mengi. Unakula nini? Dawa gani zinakudhuru? Una mimba? Una shida ya moyo au figo? Hedhi yako ikoje?

"Nzito," alisema Fundi kwa haya. "Siku tisa, wakati mwingine kumi."

Daktari alipima presha na mapigo ya moyo, kisha damu. Majibu yalipotoka, alisema, "Damu yako iko chini sana. Ndiyo maana unasinzia na moyo unakwenda mbio. Nitakupa vidonge vya madini ya chuma. Tutatafuta pia sababu ya hedhi hiyo na kuitibu."

"Na dripu ya vitamini?"

"Huihitaji. Ingekupa matumaini, na ugonjwa ungeendelea."

Redio naye alipimwa. Hakuwa na tatizo lolote.

"Yaani hata kaugonjwa kadogo sina?" alinung'unika. "Basi nipeni dripu ya urembo tu."

"Mama, kula vizuri na ulale mapema," alisema daktari. "Simu uiache sebuleni."

Nje, nesi alicheka hadi akashika ukuta. "Kituo kizuri ndicho hicho," alisema. "Kinaweza kukuambia hapana."

Wiki zilipita. Fundi alimeza vidonge na kurudi kupimwa kila alipoambiwa. Siku moja aligundua kwamba kitambaa kilikuwa kitambaa tena. Aliona kila mshono. Kwaya walivaa magauni yote ishirini na mawili, na kila mkono ulikuwa mahali pake.

Redio naye hakunyamaza. Angewezaje? Maswali ya nesi yalifika hadi barabara ya pili.

Jioni moja, walipokuwa wakipakua chakula uani pamoja na nesi, msusi alisimama mlangoni. Uchangamfu wake haukuwepo.

"Mmenimaliza," alisema. "Kila anayeingia ananiuliza leseni." Akatazama chini. "Nimeacha. Ile mifuko nimeipeleka kituo cha afya. Lakini wale niliokwisha kuwachoma… wapo niliowagawia mfuko mmoja. Sasa nifanye nini?"



"Unawakumbuka?" aliuliza nesi.

"Wote."

"Basi waambie ukweli, wakapimwe. Kesho asubuhi tutakwenda pamoja, mlango kwa mlango."

Msusi alifuta macho, akageuka aondoke. Fundi alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Unakwenda wapi? Maji ya kunawa hayo hapo. Ingia ule."