Aliyemwagika Pamoja na Samaki

Asubuhi ile kazi ilikwenda mserereko. Binti aliyeajiriwa kupima samaki kwenye meli ya utafiti ya serikali alikuwa kwenye ubao wa kupimia na rula yake, akitaniwa na Nyundo, mkuu wa mabaharia, mume wa dada yake.

"Shemeji, unavyowapima hivyo, unataka kuwashonea suruali?"

Binti akacheka.

Saa sita, jua la utosi, winchi ikauvuta wavu kutoka kina cha mita mia nane. Ukafunguliwa, samaki wakamwagika sitahani. Pamoja nao akamwagika mtu.

Alikuwa Nyundo. Ovaroli ileile. Kovu lilelile shingoni. Na alikuwa anapumua.

Binti akageuka. Nyundo mwingine alikuwa amesimama nyuma yake. Hacheki tena.

Yule wa chini akamdaka kifundo cha mguu. "Shemeji," akanong'ona, maji yakimtoka puani. "Huyo si mimi. Juzi alinivuta majini, akapanda yeye..."

Hakumaliza. Aliyesimama alichomoa shoka la dharura, akamshushia kichwani. Fuvu likapasuka. Akapiga tena. Na tena. Baharia mmoja alimrukia. Mpini wa shoka ukamvunja taya baharia huyo. Wengine wakarudi nyuma. Vidole vilivyomshika binti havikulegea. Vilikatwa kimoja kimoja.

"Jini hilo," Nyundo akasema akihema. "Limeiba sura yangu."

Mwili ukatupwa baharini. Nahodha akaamuru sitaha ioshwe na kila mtu afunge mdomo. Binti naye akafunga. Angemwambia nini dada yake?

Wiki ya pili baada ya meli kurudi bandarini, dada akapiga simu, sauti chini.

"Mdogo wangu, tangu shemeji yako arudi hajagusa kitanda. Analala ndani ya pipa la maji. Macho wazi. Njoo unichukue."

Binti alipanda basi la kwanza. Alipofika, mlango ulikuwa umepasuliwa kutoka ndani. Dada yake alikuwa chini ya meza, mkono umeng'olewa begani, bado hai. Mumewe hakuonekana tena, siku ile wala baadaye.

Dada alipona. Pipa walilimwaga, wakalipindua uani. Kesho yake wakalikuta limesimama, limejaa maji ya chumvi. Mpaka leo maji hayo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na nyumba ile iko mwendo wa siku nzima kutoka baharini.