Kisu cha Gonario

Shangazi yangu Bonaria alikuwa akikodisha vyumba vya juu kwa watalii, hapa kijijini kwetu, milimani Sardinia. Mimi ndiye niliyetandika vitanda, na nawaambia kwa uzoefu: mtalii wa kuogopa si mchafu, ni yule anayependa kusaidia. Tiziano wa Milano na mkewe Ludovica walikuwa watu wa kusaidia. Siku tatu walipiga picha minara ya mawe, mbuzi, hata chupi za padre kwenye kamba.

Siku ya nne, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mvua iliwafungia ndani. Mchana, kwa desturi yetu ya kuwalisha wafu siku hiyo, shangazi akaandaa meza ya marehemu mumewe, Gonario: sahani ya tambi, mkate mwembamba, jibini, mvinyo mwekundu. Tiziano akaizunguka na kamera yake.

"Mama Bonaria, kisu na uma viko wapi?"

"Wafu hawapewi."

"Kwa nini?"

Shangazi akamgeuzia shavu la kulia. Kovu lilitoka sikioni hadi kidevuni.

"Huyu nimempikia miaka ishirini, mwanangu. Mkono wake naujua. Ale kwa vidole, aende zake."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana siku aliyochanwa nilikuwepo, nina miaka tisa. Kisu chenyewe, cha kukunja, mpini wa pembe ya kondoo, kilikuwa kwenye droo kimeviringishwa kitambaa. Shangazi aliogopa kukitumia, na kukitupa aliogopa zaidi.

Alasiri kengele zilianza kulia, tukaenda makaburini na mishumaa yetu. Tuliporudi mwanga ulikuwa bado upo. Tiziano alitupokea mlangoni, anatabasamu.

"Meza yenu ilikuwa na upungufu kidogo," alisema. "Nimekiona kisu kizuri kwenye droo, nikakiweka kwa ajili ya picha."

Shangazi alimsukuma, akaingia jikoni. Sisi tukamfuata. Sahani ilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa sakafuni. Kisu hakikuwepo.

"Umekula wewe?" nilimnong'oneza Tiziano.

"Sijagusa. Na Ludovica amelala."

"Franzisca," shangazi alinong'ona bila kugeuka. "Toka nje. Mtoe na huyu."

Tiziano akaegemeza kiganja mezani, ainame aokote kitambaa. Kiganja hakikuinuka tena. Ubao ulilia, damu ikaruka. Kisu hatukukiona. Tuliliona tundu tu, katikati ya mkono wake, likipanuka polepole, kama mtu anazungusha mpini. Alilia kama mwanakondoo.

"Gonario," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mwache mgeni. Mimi nipo."

Tundu likaacha kupanuka. Tiziano akaanguka.

Kisha shavu la kushoto la shangazi likafunguka. Taratibu. Kutoka sikioni. Hadi kidevuni.

Nilimrukia nimkinge, nikagonga bega la mtu. Bega pana, limelowa, linanuka manyoya ya kondoo. Likanitupa ukutani. Nilisikia mbavu zangu zikivunjika. Pigo la pili lilimpata shangazi shingoni. La tatu pia. Niliacha kuhesabu. Damu ilitambaa mezani, ikaingia kwenye sahani. Nje kengele zilikuwa bado zinalia.

Polisi walimshikilia Tiziano wiki mbili, wakamwachia. Kisu walikitafuta hadi kisimani wasikipate. Mimi nilijua Gonario ameondoka nacho, na hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka mzima: huko alikokwenda shangazi, mumewe alikuwa anamsubiri, na safari hii ana kisu mkononi. Nilimwonea uchungu kuliko siku tuliyomzika.

Mwaka uliofuata niliweka sahani mbili, ya shangazi na ya Gonario. Bila kisu, bila uma. Nilifunga mlango, nikaenda makaburini, nikawasha mshumaa mmoja tu, wa shangazi.

Niliporudi, tambi za Gonario zilikuwa zimepoa, hazijaguswa, na kiti chake kiko chali. Sahani ya shangazi ilikuwa nyeupe kama imelambwa. Kando yake, upande wa kulia, kilikuwepo kisu chenye mpini wa pembe. Kimekunjuliwa. Damu ilikuwa mbichi, imefika hadi kwenye pembe.

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Kisha nikakiosha.

Sasa kila mwaka nakinoa asubuhi, namwekea shangazi karibu na mkate wake. Sahani ya Gonario siiweki tena.