Mistari Mkiani mwa Pamba

Kila alasiri, Chiriku alipitia kazini kwa mama yake. Jina hilo alipachikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama alitunza panya weupe katika maabara: aliwabadilishia maranda, akawajazia chupa za maji, na kuwachora mistari ya wino mkiani. Panya hao walifanana kama shilingi kwa ya pili. Bila mistari, hata mama asingewatambua.

Daktari mtafiti alikuwa akitafuta dawa ya kifafa kinachogoma kukatika. Panya walichomwa sindano ya kuwaamshia kifafa hicho, kisha wenye mstari mmoja wakapewa dawa ya zamani, na wenye miwili dawa mpya. Chiriku alikijua kifafa cha namna hiyo. Mwaka uliopita kilimshika mdogo wake njia nzima hadi hospitali, na tangu siku hiyo mtoto huyo huhangaika kutafuta hata maneno aliyoyazoea.

Kati ya panya wote alimpenda mmoja, akamwita Pamba. Pamba alikuwa na mstari mmoja.

"Ijumaa wenye mstari mmoja watalazwa usingizi wa mwisho, ubongo wao upimwe," mama alimwambia. "Wenye miwili watabaki kwanza, waangaliwe. Usinitazame hivyo, mwanangu. Hata mimi sipendi."

Mama alipotoka kwenda kumwaga maranda, Chiriku alimwongezea Pamba mstari wa pili. Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akamfuta panya mwingine wa mistari miwili mstari mmoja, kisha akawabadilisha vizimba. Ijumaa ilipofika, huyo mwingine ndiye aliyekufa.

Baada ya wiki chache, kutoka mlangoni, Chiriku aliwaona daktari na mama wameinama juu ya kizimba. Pamba alilala ubavu, miguu ikipiga hewa.

"Huyu kifafa kinamrudia kila siku," daktari alimwambia mama kwa uchovu. "Wenzake wazima, lakini siwezi kuwapa wagonjwa dawa yenye shaka hivi. Tunaiacha."

Chiriku alimfikiria mdogo wake. Kisha akamtazama mama, ambaye hakuruhusiwa kabisa kuingiza mtoto chumbani mle. Akisema, mama angekiona cha moto.

"Huyo hakupewa dawa mpya," alisema. "Mimi ndiye niliyembadilishia mistari."

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka.

"Basi sina hata mmoja wa kumwamini," alisema. "Tutaanza upya. Panya wapya, sindano zile zile."

Jioni hiyo Pamba alilazwa usingizi wa mwisho. Mama alinyang'anywa funguo, akahamishiwa kufua makoti.

"Nilimwonea huruma tu, mama," Chiriku alilia njiani.

"Najua. Nami nilikuonea huruma nikakuingiza, kwa hiyo tumekosa wote. Lakini panya hawana mdomo, mwanangu. Mistari ile ndiyo iliyowasemea. Ulipoifuta, mateso yao yakaenda bure, na sasa wengine watateswa ili tupate jibu lile lile. Huruma ikijificha nyuma ya uongo huumiza wengi kuliko inaowaokoa. Umesema kweli kwa kuchelewa, lakini umesema, na dawa haikutupwa. Siku nyingine usingoje maji yamwagike."

Mdogo wake aliwafungulia mlango akicheka.

"Chi... Chi..." Jina likamkwama.

Chiriku, msemaji wa mtaa mzima, alimshika mkono, akamsubiri alimalize mwenyewe.