Jina Lililokataa Kuandikika

Haya yalimkuta rafiki yangu Samia, anayechapa kazi za watu kwenye steshenari moja pale Bunda. Mchana mmoja, wingu la mvua likiwa limefunga, mama mmoja aitwaye Bhoke alimletea majina ya kamati ya harusi ayapange kwenye jedwali la kompyuta. Samia alipoandika "Bhoke", kompyuta ikaligeuza jina likawa "Toka".

"Unanifukuza?" Bhoke akauliza kwa ukali.

"Hapana, mama. Inajisahihishaga yenyewe."

Akaingia kwenye mipangilio, akazima usahihishaji, akaandika upya. Ikawa "Toka".

"Binti, usinichezee. Mimi ni mtu mzima."

Samia akaandika herufi moja moja, Bhoke akimkazia macho vidoleni. Ikawa "Toka" tena.

Hapo umeme ukakatika. Feni ikapunguza mlio mpaka ikanyamaza, na kile chumba kisicho na dirisha, walimokuwa wao wawili tu, kikawa giza. Bhoke akamkamata Samia mkono, wakarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wakiwa wamesimama pale, wakasikia kibodi ikibonyezwa mezani, polepole, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja.