Nani Alimwambia Avuke

Jua lilikuwa likizama Muindi alipompelekea Kaloki gari lake Riruta, amtolee zile taa.

Kaloki, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda kando ya Naivasha Road, ndiye aliyeziweka mwenyewe. Zilikuwa taa za LED, nyeupe pe. Muindi alizinunua Kirinyaga Road mjini, baada ya kuchoka kupapasa barabara kwa taa kuukuu zilizofifia kama kibatari. Siku alipofika nazo nyumbani Waithaka, mkewe Ngina alicheka huku amejifunika macho kwa mkono.

"Hizi ni za kuendesha gari ama za kusaka panya?"

Askari wa trafiki naye alimsimamisha Hurlingham, akamwambia taa kali namna hiyo haziruhusiwi, zinapofusha wenzake. Muindi aliitikia "sawa mkubwa," kisha akasahau. Watu wa Nairobi tuna ujuzi huo wa kuitikia na kusahau.

Kisha Ngina akagongwa na lori.

Alikuwa amefunga kioski chake hapo Waithaka, anavuka aje kwenye gari, na mumewe anamtazama. Tangu mazishi Muindi hakuwa amelia. Alikula, akaoga, akaenda kazini, akaitikia pole za watu. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki hai ndani yake, na hakuwa amemwambia mtu: ni nani aliyemwambia Ngina avuke?

Maana jioni ile, alipoliona lori linakuja mbio, yeye Muindi alilipigia taa kubwa mara mbili. Madereva wote wanaijua lugha hiyo. Angalia mbele, kuna jambo. Lakini kwa mtu aliyesimama kando ya barabara akingoja, taa hiyohiyo husema neno jingine. Husema, haya, pita.

Na Ngina alipita.

"Nimemaliza," Kaloki alisema. Alikuwa ameweka balbu za kawaida, sasa akamwambia Muindi aketi kwenye usukani, awashe, gari likiwa limeelekea ukuta wenye mstari wa chaki. Alikaza skrubu hii, akalegeza ile, mpaka mwanga wa manjano ukakaa chini ya mstari. "Hata wakupeleke inspection kesho, hizi zinapita. Haziumizi mtu macho."

Halafu akautazama ukuta tena.

"Muindi, songa kidogo. Umesimama mbele ya taa."

"Niko kwa usukani, Kaloki."

Ukutani, katikati ya miduara miwili ya mwanga... kulikuwa na kivuli. Chembamba. Mkono mmoja umeinuliwa usoni.

"Zima," Kaloki alinong'ona.

Muindi alizima.

"Washa."

Ukuta ulikuwa mtupu. Kaloki alijifuta mikono kwa tambara ingawa ilikuwa mikavu, akasema hata malipo wataongea siku nyingine. "Enda nyumbani, ndugu yangu. Na uende pole pole."

Muindi alienda pole pole. Alijua angepaswa kuogopa. Alijipekua moyoni atafute hofu akaikosa, na jambo hilo lilimsikitisha kidogo.

Gari la kwanza lililotoka mbele lilimpigia taa kubwa. Akadhani kuna askari. Alipopita kona hakukuwa na askari. La pili likampigia vilevile. Akatazama dashibodi, labda taa zake ziko juu. Ile alama ya buluu ya taa kubwa haikuwa imewaka. La tatu lilikuwa pikapu ya kubeba maziwa. Ilimpigia, ikapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani.

Muindi akasimama. "Boss, taa zangu zinakuumiza?"

"Taa ziko poa! Ni huyo mama! Unataka kumkanyaga? Si umpee nafasi atembee!"

"Mama gani?"

Dereva alinyoosha kidole mbele ya gari la Muindi. Kidole kilibaki hewani. Kisha akakirudisha ndani, akapandisha kioo, akaondoka bila kuaga.

Muindi alitazama mbele. Lami tupu.

Harufu ndiyo iliyoingia. Mafuta ya nazi, yale aliyojipaka Ngina kichwani kila asubuhi. Na chini yake, kwa mbali... breki zilizoungua.

Alipofika mkabala na kioski aliegesha kando, palepale alipokuwa ameegesha jioni ile. Kioski kilikuwa bado na kufuli la Ngina. Taa mpya zilitua chini, kwa adabu, zikaishia ukingoni mwa barabara ng'ambo ya pili.

Miguu ilikuwa hapo.

Viatu vya raba. Sketi. Sweta ya kijani. Mkono umeinuliwa, umefunika macho.

Hakusogea. Alikuwa anangoja. Na mbele, kutoka upande wa Kikuyu, lori lilianza kuunguruma.

Kidole cha Muindi kilikuwa kwenye swichi ya taa. Hakukumbuka kukiweka. Hapo ndipo alipolielewa lile swali lake, kwa sababu jibu lilikuwa limesimama ng'ambo, linangoja kuambiwa tena.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

Akazima taa zote.

Lori likapita kwa honi ndefu, gari likatikisika. Kisha kimya. Kiza. Na ndani ya kiza, hatua. Raba juu ya lami. Taratibu... zinavuka... zinakuja. Zikakoma mlangoni pake. Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Sasa naona."

Ilikuwa sauti yake. Muindi akalia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, kamasi zikimtoka, na alipomaliza akanyoosha mkono akafungua mlango wa abiria.

"Ingia, Ngina. Twende nyumbani."

Kiti hakikubonyea. Mlango ulikaa wazi, upepo ukaingia na kutoka, mpaka akaufunga mwenyewe. Moyo ukarudi kwenye ganzi yake. Mtu hawezi kuendesha bila taa, atakuja kuua mwingine. Akaziwasha. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi, hapana mtu. Akaingiza gia.

Mbele kidogo, gari lilitokea kwenye kona. Likampigia taa kubwa, mara mbili.

Muindi akapunguza mwendo, asije akamkanyaga.